Kimya Kingi Kina Mshindo: Historia Fupi ya Kompyuta Isiyopiga Kelele

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kompyuta ya mezani ni debe la aina nyingine: inavuma kwa sababu imejaa. Imejaa joto. Kila wati ya umeme inayoingia kutoka ukutani, iwe umeitumia kuandika shairi, kucheza gemu, au umeiacha mashine ikiwaka tu huku wewe unakunywa chai, mwishowe inakuwa joto, na joto hilo lazima litafutiwe njia ya kutokea. Ile kelele ya chini ya meza ni sauti ya joto likifukuzwa.

Kwa watu wanaosoma na kuandika, jambo hili si dogo. Usiku, watoto wakishalala na barabara ikatulia, mvumo wa feni ndio unaobaki, na huwezi kuuambia unyamaze. Lakini mimi nimevutiwa zaidi na historia yake, maana ndani yake kuna ugomvi wa zamani kati ya watu wa aina mbili: wanaodhani kimya kinaweza kuamriwa, na wanaokaa chini kukipigia hesabu. Wa kwanza ndio wenye majina makubwa. Wa pili ndio waliotupa kimya chenyewe.

Hapo mwanzo kimya hakikuwa hoja. ENIAC, mashine iliyooneshwa kwa umma huko Philadelphia Februari 1946, ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 18,000, uzito wa takriban tani 27, na ilikula umeme wa karibu kilowati 150. Valvu hufanya kazi kwa kupashwa moto kama balbu, kwa hiyo mashine ililazimika kufungiwa vipulizi vyake vya kusukuma hewa. Lakini ile ilikuwa kazi ya jeshi, ndani ya jengo la chuo kikuu. Haikukaa chumbani kwa mtu. Kwa miaka mingi iliyofuata kompyuta kubwa zilikuwa na vyumba vyake, na aliyetaka kimya alifunga mlango.

Mambo yalibadilika kompyuta ilipohamia nyumbani. Apple II ilipotoka mwaka 1977, Steve Jobs alikuwa ameshasema wazi kwamba hataki feni ndani yake. Sasa, kusema ni rahisi. Aliyepewa kazi ya kulifanya neno hilo liwezekane aliitwa Rod Holt, na alianza na kile kisanduku ambacho mafundi wetu wanakiita pawa saplai, kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa wa volti ndogo zinazofaa chipu. Pawa saplai nyingi za wakati ule zilikuwa na transfoma nzito ya chuma, na volti za ziada ziliondolewa kwa kuzigeuza joto. Holt alitumia njia ya kukata na kuunganisha mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, ili upite umeme unaohitajika, basi. Kisanduku kikawa chepesi, kidogo, na cha baridi zaidi. Joto lenyewe lilipopungua, feni ilikosa kazi.

Hesabu ile ilikuwa na mipaka yake. Apple II ilikuwa na nafasi nane za kuchomeka kadi za ziada, na mwenye kuzijaza alikuwa anaongeza joto. Kampuni ya Kensington ikapata soko zuri kwa kuuza System Saver, feni ya kubandika ubavuni mwa mashine ambayo sifa yake mojawapo ilikuwa kutokuwa na feni.

Miaka mitatu baadaye ikaja Apple III, na safari hii amri ilikuwa kali zaidi: kasha lisiwe na feni wala matundu ya hewa. Wahandisi wakafanya walichoweza. Kasha likatengenezwa kwa alumini nzito ya kusubu, ili chuma chenyewe kinywe joto na kulitoa nje. Mashine ikatangazwa Mei 1980, na haikuchukua muda malalamiko yakaanza. Chipu zilikuwa zinalegea kwenye vikalio vyake, na mashine zinagoma. Ushauri waliopewa wateja umebaki kuwa kisa maarufu cha ufundi: inyanyue kompyuta inchi chache juu ya meza, kisha iachie idondoke, chipu zirudi mahali pake. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, Waswahili walishasema, ingawa sidhani kama waliwaza mshindo wa namna hiyo.

Tuwe wa haki hapa. Jerry Manock, aliyesanifu kasha lile, alishikilia kwamba lilimudu joto vizuri, na kwamba kosa kubwa lilikuwa kwenye ubao wa saketi. Ugomvi huo haujaisha. Lakini ukisikiliza upande wowote, kisa kinabaki kilekile: umbo lilipangwa kwanza, kisha hesabu ikaambiwa ijibane iingie ndani. Apple III ilirekebishwa na kutolewa upya, lakini jina lilikwishaharibika, na mwaka 1984 ikaachwa.

Mwaka huohuo ilitoka Macintosh ya kwanza, nayo haikuwa na feni. Jobs aliondoka Apple mwaka 1985; mwaka 1987 Macintosh SE ikaja na feni ndani. Aliporudi, wimbo nao ukarudi. Mwaka 2000 kampuni ilitoa Power Mac G4 Cube, mchemraba mzuri uliokaa ndani ya kioo cha plastiki, hewa ikiingia chini na kupanda katikati kama moshi kwenye dohani. Ilikuwa mashine ya utulivu kweli, na leo imo katika hazina ya makumbusho ya MoMA jijini New York. Lakini ilianzia dola 1,799, nafasi ya kuongeza vifaa ilikuwa ndogo, na Julai 2001 utengenezaji wake ukasimamishwa. Kimya kilikuwepo, wanunuzi ndio waliokuwa wachache.

Upande wa pili wa mji, mambo yalikwenda vingine. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5 yenye feni ndani yake, na wote walioiga mashine hiyo waliiga na feni yake. Ilikuwa kompyuta ya ofisini, mahali penye simu na mashine za taipu. Prosesa yenyewe, ule moyo wa kompyuta, haikuhitaji feni. Ilikaa wazi kwenye ubao kama chipu nyingine. Hali hiyo ilianza kubadilika miaka ya 1990. Pentium ya kwanza, mwaka 1993, ilikula takriban wati 15, na bamba la alumini lenye mapezi pamoja na kifeni juu yake likawa jambo la kawaida.

Kwa nini joto halikulipuka mapema zaidi, wakati idadi ya transista ilikuwa inaongezeka maradufu kila baada ya miaka michache? Jibu liko kwenye karatasi ya mwaka 1974 ya Robert Dennard na wenzake wa IBM. Walionesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, na volti zake zikapunguzwa kwa kiwango hichohicho, joto kwa kila milimita ya mraba halibadiliki. Yaani unaweza kurundika transista nyingi zaidi kwenye kipande kilekile bila kukiunguza. Sekta nzima iliishi juu ya neema hiyo kwa takriban miaka 30.

Neema hiyo ilikuwa na mwisho. Volti haziwezi kushuka milele, na transista zilipokuwa ndogo mno, umeme ulianza kuvuja hata zikiwa zimezimwa, kama bomba lenye koki mbovu. Februari 2004 Intel ilitoa Pentium 4 ya kizazi kilichoitwa Prescott, na baadhi ya matoleo yake yalivuka wati 100 kwenye kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mei mwaka huohuo kampuni iliufuta mradi wa Tejas uliotakiwa kuirithi, ikageukia prosesa zenye viini viwili badala ya kukimbiza kasi peke yake. Kwa lugha rahisi, joto lilishinda.

Waliotumia kompyuta miaka ile wanaikumbuka sauti. Kasha la bati jembamba, vifeni vidogo vya milimita 60 au 80 vikizunguka maelfu ya mara kwa dakika, na hadi diski ikikwaruza ndani. Toleo la Power Mac G4 la mwaka 2002 watumiaji walilibatiza jina la handaki la upepo. Na hapo ndipo watu wa hesabu walipoingia tena, safari hii si wahandisi wa kampuni, bali watu wa kawaida waliokuwa wanajiundia kompyuta zao.

Mwaka 2002 Mike Chin, mkazi wa Canada, alianzisha Silent PC Review, tovuti iliyochukua suala la kelele kwa uzito ambao wengine waliuweka kwenye kasi. Wapenzi wa ufundi huu walifanya mambo ambayo mpita njia angeyaona ya kichaa. Hadi diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutoa mtetemo wa mara 120 kwa sekunde, na ukiifunga kwa skrubu kwenye bati, bati lote linageuka ngoma. Wao waliining'iniza kwa mipira ya kuvutika, kama mtoto kwenye bembea, na ule mvumo ukafifia.

Kwenye feni walirudi kwenye kanuni ambazo mafundi wa mabomba ya hewa walizijua tangu zamani. Ukipunguza mizunguko ya feni kwa nusu, hewa inayosukumwa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Sikio la binadamu huhisi kushuka kwa desibeli 10 kama kelele iliyopungua nusu. Kwa hiyo feni mbili zinazokwenda polepole zinaweza kusukuma hewa ileile ya feni moja inayokwenda mbio, kwa kelele ndogo zaidi. Na feni ya milimita 120 ina eneo mara 2.25 ya ile ya milimita 80, hivyo haina haja ya kukimbia. Mtu asiyejua angedhani njia ya kimya ni kuondoa feni. Wao waliongeza, tena kubwa zaidi.

Kisha walifanya kile alichofanya Holt: walikwenda kwenye chanzo. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda na kushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Punguza volti kwa asilimia 10, nayo ikiwa bado inafanya kazi bila kukwama, umeokoa karibu asilimia 19 ya joto, na kasi haijabadilika. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Ni uvumilivu wa kujaribu kidogo kidogo, usiku baada ya usiku.

Soko likawasikia. Zalman ya Korea Kusini ilijijengea jina kwa vipozeo vikubwa vya mapezi. Noctua, iliyoanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Austria na Taiwan, iliwauzia watu feni za rangi ya kahawia ambazo hakuna aliyezisifia sura, zikanunuliwa kwa utulivu wake. Bomba la joto, lile bomba la shaba lenye maji kidogo yanayochemka upande mmoja na kuganda kuwa matone upande wa pili, lilitoka kwenye kazi ya George Grover huko Los Alamos mwaka 1963, likilenga vyombo vya angani. Sasa likawa kitu cha dukani. Mpango wa 80 PLUS, ulioanza mwaka 2004, ukaanza kupima pawa saplai kwa kiasi cha umeme zinachopoteza. Na diski zisizozunguka zilipoenea, zile bembea za mipira zikakosa mzigo wa kubeba.

Kwetu sisi wa pwani hesabu hii ina tarakimu moja ya ziada. Feni, hata iwe ya bei gani, haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Tuseme kipozeo kinaiweka prosesa nyuzi 45 juu ya hewa inayoizunguka. Katika chumba cha nyuzi 20 utapata 65. Katika chumba cha Dar es Salaam mchana wa Februari, nyuzi 32 bila kiyoyozi, utapata 77. Kompyuta nayo inasoma joto lake na kuongeza kasi ya feni ipasavyo, kwa hiyo mashine iliyosifiwa kuwa bubu huko ilikojaribiwa inaweza kufika Kinondoni au Mombasa ikaanza kupayuka. Ongeza vumbi linaloziba mapezi, na kasha lililosukumwa kwenye kona ya meza. Najua wapo watakaosema pangaboi linafunika kelele zote. Ni kweli, mpaka umeme wa pangaboi hilo utakapoonekana kwenye luku.

Nalisema hili kwa sababu joto limerudi kwa kishindo. Kadi ya grafiki ya Nvidia RTX 4090, ya mwaka 2022, imepangiwa wati 450. Mrithi wake wa mwaka 2025, RTX 5090, wati 575. Kadi moja tu inakula karibu mara tisa ya umeme ambao pawa saplai ya IBM PC ilitoa kwa mashine nzima. Matangazo yanaahidi utulivu, taa za rangi na mabomba ya maji. Maji hayali joto. Yanalibeba tu mpaka kwenye feni nyingine.

Kwa hiyo ukienda dukani kununua au kuunda kompyuta ya kuandikia, usianze na feni. Uliza kwanza mashine itakula wati ngapi ikiwa na kazi nyingi, na chumba chako kina nyuzi ngapi saa nane mchana. Chagua prosesa inayotosha kazi yako, kasha lenye njia pana ya hewa, na feni kubwa zisizo na haraka. Rod Holt alianza na swali hilohilo la umeme unaopotea, na mashine yake ya mwaka 1977 ilikaa mezani kwa watu bila feni na bila kudondoshwa.