Jamaa, Ukoo, Familia: Maneno Tuliyohesabiwa Kwayo

Neno jamaa lilipoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu halikuwa na damu ndani yake. Kwa Waarabu ni kundi la watu waliokusanyika, na maana hiyo bado tunayo: swala ya wengi nyuma ya imamu mmoja ni swala ya jamaa, hata kama waswalio hawajuani majina. Watu wa pwani walilichukua neno la mkusanyiko wakalifanya neno la undugu. Naona walilifanya hivyo kwa kuwa jamaa ya mtu ilijulikana kwa wale waliosimama naye siku ya harusi, siku ya deni na siku ya msiba, wawe wa damu au wasiwe.

Wapenzi wa lugha watanisamehe nikianzia mbali. Katika miaka niliyofundisha Kiswahili sekondari, kila kidato kilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kuuliza: familia kwa Kiswahili asilia ni nini? Nilikuwa nikijibu kwamba neno hilo moja hatukuwa nalo. Baadhi walisikitika, kana kwamba lugha yao imekutwa na pengo. Lakini tazama tulivyokuwa navyo: ukoo, mbari, mlango, tumbo, nyumba, kaya, aila, ahali. Ndugu wa tumbo moja si sawa na ndugu wa baba mmoja. Mlango ni tawi la ukoo. Nyumba, kwa mume wa wake watatu, ni mke mmoja na watoto wake, kwa hiyo mtu huyo ana nyumba tatu hata kama zote zimo katika ua mmoja. Kitu ambacho hakikupewa jina ni baba, mama na watoto wao, wakitengwa na wengine wote. Hakikupewa jina kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kukitenga.

Familia lenyewe lina ukoo wa ajabu. Katika Kilatini cha Warumi lilitokana na famulus, yaani mtumishi, na lilikusanya wote waliokuwa chini ya mamlaka ya bwana mmoja: mke, wana, wajukuu, na watumwa. Hata Roma, basi, familia haikuwa ile picha ya vitabu vyetu vya darasani: baba ameketi na gazeti, mama yuko jikoni, watoto wawili wanacheza na mpira. Niliifundisha picha hiyo kwa watoto waliolelewa na bibi zao, na kwa watoto wa mke wa pili, na kwa Waluguru.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu Uluguru ndiko neno hili linakopatia taabu. Katika milima ile juu ya Morogoro, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo hupita upande wa mama, na mzee mwenye kauli juu ya mali, mahari na mashauri ya mtoto ni kaka wa mama, mjomba. Baba anampenda mwanawe, anaweza hata kumpa shamba la kulima, lakini kwa hesabu ya ukoo yeye ni mgeni wa heshima katika maisha ya mtoto huyo. Wazaramo, Wamwera, Wamakonde na Wayao wamekuwa na mpango wa namna hiyo hiyo. Ukivuka kwenda Kilimanjaro unakuta kinyume chake. Kihamba cha Mchaga, lile shamba la migomba lenye makaburi ya wazee ndani yake, hushuka kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume.

Wala usidhani dini moja huzaa familia za aina moja. Uislamu umeweka mafungu ya mirathi wazi, lakini katika nyumba za mawe za Lamu ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Ngazija, katika visiwa vya Komoro, kuna mali iitwayo manyahuli ambayo hupita kwa wanawake, mama hadi binti, na Wangazija ni Waislamu wa siku nyingi. Tarime nako, miongoni mwa Wakurya, kuna nyumba ntobhu: mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume humtolea binti mahari ya ng'ombe, na watoto watakaozaliwa na binti huyo huwa watoto wa nyumba ya yule mama mkubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui kuwa ndoa, maana inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Sheria hiyo hiyo, kwa upande mwingine, ilikuwa na kifua kipana: ilizikusanya ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja, ikakubali ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi.

Serikali hazipendi maneno mengi. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898 walitaka kitu kinachohesabika kwa macho, nacho kilikuwa paa. Waingereza waliokuja baadaye waliendelea kutoza kibanda, na mwanamume mwenye wake wengi alilipia kila kibanda cha mke. Matokeo yake watu wakabanana katika vibanda vichache. Nyumba iliyokuwa neno la mke na wanawe ikawa neno la risiti. Siku hizi karani wa sensa anahesabu kaya, yaani wanaoishi pamoja na kula pamoja. Hili naliona neno zuri kuliko yote ya serikali, kwa sababu halijifanyi kujua nani kamzaa nani. Nalo ni la kwetu hasa: Msukuma humaanisha kwalo boma lake, na Wamijikenda huita hivyo vijiji vyao vya kale vilivyozungukwa na misitu mitakatifu, ambavyo UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Nirudi kwa jamaa, maana karne ya 20 ilililivuta neno hili pande mbili kwa wakati karibu mmoja. Katanga, kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa tangu miaka ya 1920 imeamua kuwa mchimbaji aliyeoa na kukaa na mkewe katika nyumba ya kampuni ni mfanyakazi bora kuliko kijana wa kuja na kuondoka. Katika kambi za namna hiyo, kuanzia mwaka 1953, Padri Placide Tempels, Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, aliwakusanya mume na mke, wawili wawili, katika kikundi cha mafundisho na upendo. Waliokifuata walikiita Jamaa. Huko neno lilinywea hadi likafika kwenye kitanda cha ndoa, kisha likapanuka tena kwa njia ya roho, kwani waliotangulia wakawa baba na mama wa waliofuata.

Miaka 9 baadaye, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake juu ya ujamaa. Kwa wasomaji wa Kiingereza alilifasiri neno hilo kuwa hali ya kuwa familia, na akataka mipaka ya familia hiyo isogezwe: ivuke kabila, ivuke taifa, hata bara, iwafikie binadamu wote. Kama mwalimu wa lugha ninastaajabia uchaguzi wake. Asingeweza kusema "ufamilia" na akaeleweka, na ukoo ungemfunga kwenye damu. Jamaa ndilo lililokuwa na mlango wazi. Ni kweli pia kwamba neno hilo lilipelekwa vijijini kwa nguvu katika miaka ya 1970, na wapo wazee ambao hadi leo wakilisikia hukumbuka lori na nyumba iliyoezuliwa. Kisha mtaani likashuka zaidi. "Jamaa mmoja alikuja kukuulizia," twasema sasa, tukimaanisha mtu tusiyemjua jina.

Nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na familia, na hapo ndipo ninapokuwa na hofu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilivyotungwa, inampa mfanyakazi likizo ya siku 4 zenye malipo kwa uchache akifiwa na mwenzi, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Orodha si ya kinyonge. Lakini mjomba hayumo. Mwalimu mwenzangu mmoja, Mluguru, alifiwa na mjomba aliyemsomesha na kumlipia mahari. Alipokwenda kuomba ruhusa, mkuu wetu wa shule, mtu mwema kutoka ukoo wa kibaba, alimpa pole kwa dhati kisha akamwambia: "Mwalimu, huyo ni jamaa tu, si familia." Alimruhusu kwenda mazishini Jumamosi na kurudi Jumapili. Yule mwenzangu ndiye aliyetakiwa kukaa kichwani mwa kikao cha ukoo baada ya maziko, kwa kuwa alikuwa mpwa mkubwa. Kikao kilifanyika Jumanne, naye alikuwa darasani akifundisha Kidato cha Pili ngeli za nomino.

Angalieni neno mpwa lenyewe. Kwa asili ni mtoto wa dada, si wa kaka. Mtoto wa kaka mwanamume humwita mwanangu. Vivyo hivyo mtoto wa baba mdogo ni ndugu, si binamu, ijapokuwa binamu katika Kiarabu ni mwana wa ami, yaani huyo huyo wa baba mdogo. Tumelipeleka kwa watoto wa mjomba na shangazi, wale tunaotaniana nao, na kwa karne nyingi mpaka huo umejulikana. Wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho walikuwa wakiandika binamu kwa wote, na mpwa kwa wote. Nilikuwa nikizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: wa upande gani?