Farasi, Punda na Mbung'o wa Handeni

Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu anawataja pamoja wanyama watatu aliowaumba ili tuwapande na wawe pambo kwetu: farasi, baghala na punda. Nasema baghala, wala sisemi nyumbu, kwa sababu kwetu bara ukitaja nyumbu watu hufikiri wale wa porini wenye ndevu, na huyo hakuna aliyepata kumtia lijamu.

Ama punda, kila mtu wa Korogwe na Handeni amepata kumwona. Farasi je? Hapa ndipo penye historia, nayo ni historia ya kusikitisha.

Pwani, farasi alijulikana zamani. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapwa mwaka 1886. Ndani yake anaeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofunzwa kupanda wakingali wadogo. Wavulana wakapewa farasi, na mabinti wakapewa punda weupe wakubwa wa Maskati. Punda hao walikuwa na sifa ya kwenda telki bila ya kumtikisa mpandaji, na bei yao haikuwa ndogo.

Mnyama wa namna hiyo hazaliwi mtulivu, hufanywa. Farasi kwa maumbile yake ni mwoga. Akisikia jani limecheza hukimbia kwanza, kisha ndipo hutazama alichokikimbia. Punda ni kinyume chake: akiona jambo asilolielewa husimama, na watu wasiojua humwita mkaidi, kumbe anafikiri. Baghala, aliyezaliwa na punda dume na farasi jike, amechukua kwa wote wawili. Kwa hiyo hawafundishwi kwa namna moja. Mwenye kuijua kazi hii humzoesha mtoto wa farasi mkono wa mtu kabla ya hatamu, na hatamu kabla ya seruji. Humwongoza nyuma ya mnyama mzee aliyekwisha tulia, amwone anavuka kijito bila ya hofu. Humpitisha penye ngoma na penye nguo zilizoanikwa, leo mbali, kesho karibu. Kiboko huharakisha mambo kwa siku moja, kisha huyaharibu kwa miaka. Bibi Aisha alipokuwa amepanda ngamia mgumu akawa anamsukuma huku na huku, Mtume (S.A.W.) alimwusia upole. Wafundishaji wengi wamezunguka sana kabla ya kufika mahali hapo.

Basi tuache pwani twende bara. Mwezi Machi mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili. Mmoja alikuwa wa Kiarabu, wa kijivu, zawadi ya Seyyid Barghash. Wa pili alikuwa mwekundu, aliyeletwa kwa gharama kubwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Walikuwa wa nasaba mbili mbalimbali, wote wa thamani. Safari haijafika mbali, kijijini Kingaru, farasi wote wawili wakafa kwa kufuatana. Stanley akamzika wa kijivu karibu na kambi. Mkuu wa kijiji akaja kudai doti mbili za nguo kwa kuwa ardhi yake imezikwa mnyama bila ya ruhusa. Stanley akajibu kwamba askari wake watamfukua na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokuwa. Mzee akaona heri farasi abaki alipo! Stanley aliwapasua akaona maradhi mengine tumboni, hakumlaumu mbung'o. Hata hivyo kisa chake kinaonyesha kwamba nasaba haikuwa ngao katika njia zile.

Siri ya mbung'o ilikuja kujulikana kwa wataalamu mwaka 1895, David Bruce alipoonyesha huko Zululand kwamba ugonjwa wa nagana huletwa na kijidudu cha damuni kinachobebwa na inzi huyo. Lakini wafugaji walikuwa wamekwisha jua zamani kwamba kuna mapori ambayo mnyama hapiti mchana. Walivusha mifugo usiku, kwa kuwa mbung'o huuma kukiwa na mwanga.

Uzigua, yaani nchi ya Handeni, haikuwa pori tupu tangu mwanzo. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, ameeleza jinsi wakazi wa huko walivyomzuia mbung'o kwa kulima, kuchoma nyasi na kukaa karibu karibu, hata wakaweza kufuga ng'ombe. Kisha yakaja mapigo: njaa ya miaka ya 1884 hadi 1886, sotoka iliyoua ng'ombe mwaka 1891, nzige na njaa nyingine baadaye, na utawala wa Kijerumani uliotaka kodi na vibarua. Watu wakatawanyika, mashamba yakageuka vichaka, na mbung'o akarudi. Pori la Handeni tunalolisikia katika habari za vita lilikuwa, kwa sehemu kubwa, shamba lililohamwa.

Wajerumani nao walitafuta kipando. Mwanzoni mwa karne ya 20 Bronsart von Schellendorff alijaribu karibu na Kilimanjaro kukamata na kufuga pundamilia, kwa tamaa kwamba mnyama wa nchi atastahimili maradhi ya nchi. Fikira haikuwa ya kijinga. Lakini pundamilia huuma asiachie, na hofu yake haimtoki hata akilishwa mkononi, kazi ikashindikana. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902, na zaidi ya reli mzigo ulichukuliwa na kichwa cha binadamu.

Hapo ndipo vita vilipoukuta mji. Katikati ya Juni 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliteremka bonde la Pangani, likachukua Korogwe, kisha Handeni. Nyuma yake, kupitia njia hiyo hiyo, wakaja wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Enslin, ambao mwezi Agosti waliingia milima ya Nguru. Farasi wa makaburu walikuwa na sifa njema ya mafunzo. Mpandaji alishuka, akaziangusha hatamu chini, na farasi akasimama pale pale mpaka bwana wake amalize kupiga bunduki. Wengine walikuwa wameugua maradhi ya farasi ya kwao wakapona, na hao waliuzwa kwa bei kubwa kwa kuwa hawakuogopewa tena kufa.

Lakini kupona maradhi yale hakukuwa kinga ya nagana. Na fikiri, ndugu msomaji: mnyama aliyefundishwa kusimama kimya asimamapo bwana wake, amesimamishwa mchana katika kichaka cha mbung'o. Mwenzake wa porini angekimbia. Yeye alitii. Siku zilizofuata homa ilipanda na kushuka, tumbo na miguu ikavimba, mwili ukakonda ingawa alikula, akawa mpole kupita kiasi. Mpandaji asiyejua huweza hata kufurahi kwamba farasi wake ametulia. Kwa miezi miwili tu, tangu katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba 1916, jeshi la Waingereza lilipoteza katika nchi hii farasi wapatao 10,000, baghala 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Punda naye, basi, si kwamba hadhuriki.

Makamanda hawakuwa wajinga wa habari za mbung'o. Walihesabu kwamba farasi atadumu majuma machache, na majuma hayo yatatosha. Mimi naona hapa ndipo lawama ilipo, kuliko katika uchache wa elimu. Mtume (S.A.W.) alimpitia ngamia aliyekonda hata tumbo limegusana na mgongo, akawaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasiosema. Na farasi walipokwisha, mzigo ulirudi kichwani pa watu: wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu yao wenyewe, walizidi 40,000. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao.

Baada ya vita farasi hawakurudi Handeni. Punda walibaki, na wafugaji wa Kimaasai wa wilaya hiyo huwapakia maji na mizigo ya kuhamia. Miaka ya karibuni adui wao alikuwa mwingine: ngozi zao zilitafutwa kupelekwa China kutengenezewa dawa, wakawa wanaibwa na kuchinjwa kwa wingi, hata mwaka 2022 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku machinjio hayo, na mwezi Februari 2024 Umoja wa Afrika ukafuata kwa bara zima. Punda wa kisimani hana habari na azimio lolote. Mama akimpakia madumu husimama, na mtoto akitangulia njiani humfuata nyuma, mwendo wa telki, bila ya hatamu.