Utumbo Upi Uliokatwa?

Mtu maarufu akionekana ghafla amepungua, mitaa ya Dar es Salaam haina subira: amekata utumbo. Saluni watasema hivyo, kwenye daladala watasema hivyo, na mwenyewe akikana wataongeza kwamba alikatiwa Uturuki au India. Maneno hayo yameenea hadi vijana wanaingia nayo hospitalini: "Dokta, nataka kukata utumbo, ni shilingi ngapi?" Kabla ya kutaja bei yoyote, daktari analazimika kuanza na somo la baiolojia, kwa sababu katika upasuaji wa aina hii unaofanywa zaidi duniani leo, utumbo hauguswi kabisa.

Sehemu ya lawama ni ya neno tumbo. Kiswahili kimelibebesha kazi nyingi mno. Tumbo ni kile kinachotangulia mkanda wa suruali. Tumbo ni kiungo kinachopokea chakula. Tumbo ni mahali mimba inapokaa, na ndiyo maana tunao ndugu wa tumbo moja. Anayesema tumbo linamuuma anaweza kumaanisha popote kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye kinena, na daktari humwomba aoneshe kwa kidole. Mwalimu wa sayansi hutenganisha: kuna mfuko wa chakula, kisha utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana. "Mfuko wa chakula" si jina zuri sana, linanukia sokoni, lakini linatofautisha, nami nitalishika kwa sababu hapa tofauti ndiyo inayotafutwa.

Taaluma yenyewe kimataifa ina jina la Kigiriki lililoundwa na watu wa karne ya 20: baros ni uzito, iatros ni tabibu. Tukiliandika kwa tahajia yetu tunapata bariatria, na upasuaji wake ukawa upasuaji wa kibariatria. Ni istilahi safi, haina kosa hata moja, na haimsaidii mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki. Ndiyo maana magazeti na hospitali zimechagua "upasuaji wa kupunguza uzito". Hilo linaeleweka mara moja, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Linaeleweka haraka mno. Msikilizaji anaona kisu kikikata kilo, kana kwamba mtu anaingia chumbani na 120 na kutoka na 80.

Kwa hiyo jina hilo moja limegeuka chungu cha kila kitu. Humo ndani yumo anayenyonywa mafuta ya kiuno kwa mrija, jambo ambalo ni la urembo na halitibu kisukari cha mtu. Yumo anayeondolewa ngozi iliyolegea. Yumo pia anayewekewa puto, huduma iliyotangazwa sana Tanzania ilipoanza kutolewa Mloganzila. Puto si upasuaji: linapitishwa mdomoni likiwa tupu, linajazwa maji ya chumvi likiwa ndani ya mfuko wa chakula, na mengi hutolewa baada ya miezi sita hivi. Hakuna kilichokatwa. Likitoka, mfuko unabaki ulivyokuwa, na njaa inarudi kazini.

Upasuaji wenyewe hasa una njia kuu mbili.

Ya kwanza ndiyo inayoongoza kwa wingi. Mpasuaji anaingia kwa matundu madogo, anaukata mfuko wa chakula kwa urefu wake, anafunga ukingo kwa pini ndogo za titani na kutoa nje asilimia 75 hadi 80 ya mfuko. Kinachobaki kinafanana na ndizi nyembamba. Waingereza wameliita umbo hilo kwa jina la mkono wa nguo, na nimewahi kusoma tafsiri iliyosema "upasuaji wa mkono wa tumbo", ambayo inamwacha msomaji akijiuliza tangu lini tumbo likaota mikono. "Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula" linatosha. Kinachopungua si nafasi tu. Sehemu ya juu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni iitwayo ghrelini, ile inayoupelekea ubongo habari ya njaa. Wengi waliopasuliwa husema walishangaa kuona saa saba mchana inapita hawajakumbuka chakula. Na kilichotolewa hakirudishwi.

Njia ya pili inatokana na kazi ya Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Yeye na Chikashi Ito waliifanya mwaka 1966, baada ya kuonekana kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walikuwa hawanenepi. Katika umbo linalotumika leo, juu ya mfuko hutengwa kijifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha utumbo mwembamba unakatwa na kuunganishwa nacho, ili chakula kipite kando bila kuingia sehemu kubwa ya mfuko wala mwanzo wa utumbo. Namna ya kuunganisha inafuata mbinu ya César Roux, mpasuaji wa Lausanne, Uswisi, aliyefariki mwaka 1934 bila kujua kwamba jina lake lingehusishwa na unene. Kwa Kiswahili jina la njia hii liko barabarani tayari. Barabara inayozunguka mji ili malori yasipite katikati tunaiita barabara ya mchepuko. Mchepuko wa chakula, basi. Najua neno hilo limepata kazi nyingine katika mambo ya ndoa, na daktari akimwambia baba mtu mzima kwamba atamwekea mchepuko, wodi nzima itacheka. Wacheke. Neno litakumbukwa.

Sasa, utumbo uliokatwa peke yake uko wapi? Ulikuwapo zamani. Mwaka 1954 Arnold Kremen na John Linner, wa Minnesota, walichapisha habari za upasuaji ulioruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba na kuuacha mfuko wa chakula kama ulivyo. Watu walipungua kweli. Walipata pia kuharisha kusikoisha, mawe kwenye figo, na baadhi yao ini liliharibika hadi kufa. Madaktari wakauacha. Kwa maana hiyo lugha ya mtaani inamtisha kijana kwa jina la upasuaji uliokufa kabla hajazaliwa, huku ikimficha ule atakaofanyiwa.

Hata wapasuaji wenyewe hawakuridhika na jina linalotaja uzito peke yake. Waliona kwamba kwa wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili, hasa waliofanyiwa mchepuko, sukari hushuka ndani ya siku chache, kabla kilo za maana hazijapungua. Homoni za utumbo zinabadilika, insulini inafanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2007 chama cha wapasuaji hao wa Marekani kiliongeza neno la umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, kwenye jina lake. Walikuwa wanakiri kwamba mizani inaonesha matokeo tu, na kazi inafanyika ndani zaidi.

Hapo ndipo swali la kijana linapopata uzito. Wazee wetu wakisikia binti wa miaka 19 anataka kupasuliwa watasema angoje, azae kwanza, aache chipsi, mwili utajirekebisha. Ushauri wa kungoja umepimwa. Marekani, kuanzia mwaka 2007, hospitali tano zilifuatilia vijana wenye chini ya miaka 20 waliofanyiwa upasuaji huu. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2019, vijana 161 waliofanyiwa mchepuko walilinganishwa na watu wazima 396 ambao nao walikuwa na unene tangu ujana lakini wakapasuliwa ukubwani. Baada ya miaka mitano uzito ulikuwa umepungua karibu sawa: asilimia 26 kwa vijana, 29 kwa wakubwa. Kisukari ndicho kilichotofautiana. Kati ya waliokuwa nacho, kilitulia kwa asilimia 86 ya vijana na asilimia 53 tu ya wakubwa. Shinikizo la damu lilikwenda mwelekeo huohuo. Kungoja kuna gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na kongosho.

Lakini utafiti huohuo una ukurasa wa pili. Karibu nusu ya vijana walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, wakati kwa wakubwa haikufika theluthi, na vijana walirudishwa chumba cha upasuaji kwa matatizo ya tumbo mara nyingi zaidi. Matokeo ya miaka kumi, yaliyotoka mwaka 2024, yalionesha kupungua kumebaki kwa wastani wa asilimia 20, na kisukari kikiwa bado kimetulia kwa zaidi kidogo ya nusu ya waliokuwa nacho. Kwa ugonjwa mgumu kama huu ni matokeo mazuri mno. Hayafanani na picha za kabla na baada zinazosambazwa kwenye simu.

Kitenzi kata ndicho kinachopotosha zaidi hapa. Kukata ni tendo la mara moja: unakata nywele, unakata tiketi, umemaliza. Mtu aliyepunguziwa mfuko au kuwekewa mchepuko anaanza siku hiyo kazi ya maisha yote. Vitamini B12, vitamini D, chuma, kalsiamu, kila siku, na damu kupimwa kila mwaka. Aliyepasuliwa akiwa na miaka 60 ana miaka ishirini ya vidonge. Aliyepasuliwa akiwa na miaka 20 ana sitini, na ni katika umri huohuo anahama nyumbani, anabadili kazi, anapoteza kadi ya kliniki. Anayetapika mfululizo wiki za mwanzo na kukosa vitamini B1 anaweza kuharibika neva na ubongo. Wenye mchepuko wakinywa soda yenye sukari nyingi wanaweza kutokwa jasho, moyo kwenda mbio na kichwa kuzunguka, kwa kuwa sukari imemwagika kwenye utumbo kwa kasi. Pombe nayo huingia damuni haraka zaidi, na baada ya mchepuko hatari ya ulevi huongezeka, hasa kwa vijana na kwa wanaume.

Kwa wasichana kuna jambo ambalo kliniki nyingi hulipitia juujuu. Mwili ukipungua, hedhi iliyokuwa ikirukaruka hurudi sawasawa na uwezo wa kushika mimba hupanda ghafla, huku vidonge vya uzazi wa mpango vikiwa havitegemewi baada ya mchepuko. Ushauri wa kawaida ni kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya mimba. Anayepasuliwa ili apendeze siku ya harusi itakayofuata baada ya miezi mitatu amepanga kalenda yake kinyume.

Tena huyo wa harusi huenda hafai tangu mwanzo. Vigezo hutumia uzito wa kilo uliogawanywa kwa mraba wa urefu wa mita, ile BMI. Tangu mwaka 1991 mstari uliwekwa kwenye 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vikaushusha hadi 35 kwa wote, na 30 kwa mwenye kisukari au matatizo mengine ya umetaboli. Binti wa sentimita 165 anafika 35 akiwa na kilo 95 na ushee, na 40 akiwa na 109. Mwenye kilo 78 na huzuni ya kioo hayumo, na hospitali itakayomkubali kwa sababu ana pesa inastahili kuogopwa.

Kuhusu jina la ugonjwa wenyewe, nasimama upande wa Wizara ya Afya ya Tanzania, ambayo ripoti zake huandika kiribatumbo. Wengi hulikejeli kwa sababu linaleta picha ya kiriba, ule mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Afadhali kejeli hiyo kuliko ubonge. Bonge ni jina la utani, na anayetibiwa utani huonekana anajipendezesha. Utafiti wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta mwanamke mmoja kati ya kumi nchini, wa miaka 15 hadi 49, ana kiribatumbo. Hao hawaumwi utani. Na akishapungua, atakutana na neno jingine: amekonda. Kwa waliokua katika miaka ya 1990, kukonda ghafla kulikuwa na tafsiri moja tu, nayo ilisemwa kwa kunong'ona. Kijana anayekaa kimya kuhusu upasuaji wake mara nyingine anachagua kati ya fununu mbili.

Siku hizi kuna sindano. Semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya unene mwaka 2021, ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi katika jaribio la wiki 68, na walioacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Sindano inaweza kusimamishwa. Mfuko uliokatwa hauungwi tena. Kwa mwenye miaka 20 ambaye hajapata kisukari na anayemudu dawa, ningeona ni haki aianze kwanza. Kwa mwenye kisukari tayari, na BMI ya 45, na baba aliyekatwa mguu, sioni kwa nini aambiwe bado mdogo.

Huyo ningemtuma kwa mpasuaji na maswali ya Kiswahili cha kawaida. Unanipunguzia mfuko tu, au unaniwekea na mchepuko? Kwa nini huo na si mwingine? Nikitapika wiki ya tatu nampigia nani? Damu yangu itapimwa wapi mwaka wa tano, nikiwa nimehamia Mbeya? Daktari akimjibu kwamba aje tu akipata shida, atafute hospitali nyingine.