Karatasi, Mtambo na Imani ya Mpiga Kura

Tunduma ni mji wa mpaka. Ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia, na baina ya miji hiyo miwili fedha za nchi mbili hubadilishwa kutwa. Mwenye kupokea fedha pale huzihesabu papo hapo, mbele ya aliyempa. Hatumii hesabu hiyo kumtukana mwenziwe. Ndiyo njia ya kuachana kwa amani. Watu wa desturi hiyo wakiulizwa kipi bora katika uchaguzi, karatasi au mtambo, hapana budi watauliza kwanza: Ni nani ahesabuye, na ni nani aonaye?

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, lakini habari za kura katika nchi hiyo ni kongwe kuliko jina lake. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, haki ya kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, mapato au cheo, na kila mpiga kura alishurutishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Karatasi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika sheria. Mwaka 1965 ikaja karatasi yenye alama za jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma atambue mtu wake. Nguvu ya karatasi ilikuwa hapo: mtu wa kawaida aliielewa pasipo mkalimani.

Hata hivyo karatasi nayo huanguka. Mwaka 1995 vifaa vilichelewa Dar es Salaam, na kura za mji huo zikafutwa na kurudiwa. Mwaka 2015 mtambo wa alama za vidole uliingia katika uandikishaji, ila kura yenyewe ilibaki ya karatasi. Mwaka huo kiti cha Tunduma kilichukuliwa na CHADEMA. Mwaka 2020 kikachukuliwa na CCM, na CHADEMA ikayakataa matokeo ya nchi nzima. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, ghasia zilizuka na intaneti ikafungwa. Karatasi ilikuwapo, imani haikuwapo.

Je, mtambo ungaliiponya? Majirani wanatoa ushahidi. Kongo ilitumia mashine mwaka 2018, na wapinzani wakaiita mashine ya kuiba kura. Namibia ilianza kupiga kura kwa mitambo mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mitambo isiyoacha ushahidi wa karatasi ni kinyume cha katiba. Kenya ilipiga kura kwa karatasi mwaka 2017 na kupeleka matokeo kwa mtambo. Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais, na miongoni mwa sababu ni kwamba tume haikuifungua mitambo yake kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 tume hiyo ilizitandaza fomu za vituo katika intaneti, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Ubishi haukwisha, lakini uligeuka kuwa ubishi wa hesabu zilizo mbele ya macho.

Basi karatasi haina baraka ya asili, wala mtambo hauna laana ya asili. Ubora wa karatasi ni kwamba yaweza kuhesabiwa tena na mkono wa mwingine. Na mtambo utaaminiwa kadiri utakavyoiruhusu hesabu hiyo ya pili. Pasipo ruhusa hiyo, mpiga kura wa Tunduma atafanya kama afanyavyo sokoni: ataupokea mkono mtupu wa mwenziwe, asiagane naye kwa amani.