Mbwa mwenye maradhi ya sikio: namna ya kumtia dawa ya daktari nyumbani

Katika mtaa wa Magarama mjini Gitega, kama ilivyo kwingineko nchini Burundi, mbwa hufugwa zaidi kwa ajili ya kulinda nyumba, na usiku mlinzi huyo hutegemea masikio yake. Maradhi ya sikio yakipuuzwa huweza kumfanya kiziwi.

Dalili zake hazifichiki. Mbwa hutikisa kichwa mara kwa mara, hujikwaruza sikio, hulia akiguswa, na sikio hutoa harufu mbaya au usaha. Utitiri huacha uchafu mweusi unaofanana na machicha ya kahawa. Hata hivyo, fangasi na bakteria nao huleta uchafu wa rangi mbalimbali, na kila kimoja kina dawa yake. Ndiyo maana daktari wa mifugo hupima uchafu huo kwa hadubini na kumulika ndani ya sikio kabla ya kuandika dawa. Anataka pia kujua kama kiwambo cha sikio kimetoboka, kwani baadhi ya dawa, kama vile jentamisini, zikipenya hapo huweza kuharibu usikivu. Matone ya binadamu yaliyobaki kabatini hayafai kabisa, wala spiriti, ambayo huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Mfereji wa sikio la mbwa hushuka chini kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani ya kichwa. Kijiti cha pamba husukuma uchafu kwenye pindo hilo, na tone lililotiwa kwa haraka huishia juu.

Kazi hii yahitaji watu wawili: mmoja amshike mbwa, mwingine atie dawa. Chupa ishikwe kiganjani kwa dakika chache ili dawa isiwe baridi. Sikio likishasafishwa kwa dawa ya kusafishia aliyotoa daktari na kukauka, ncha yake iinuliwe juu, matone yatiwe kwa idadi iliyoandikwa, bila mdomo wa chupa kugusa sikio. Kisha shina la sikio lisuguliwe taratibu kwa nusu dakika hivi. Sauti ya majimaji ikisikika, dawa imeshuka. Mbwa aachwe ajitikise, na kinachotoka kifutwe kwa pamba.

Maumivu humfanya hata mbwa mpole kung'ata, kwa hiyo ni busara kumfunga mdomo kwa kitambaa, pasipo kumziba pua. Kichaa cha mbwa bado kipo Burundi. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla au anayetokwa na mate mengi asitiwe dawa, aitwe daktari.

Kosa la kawaida huja siku ya tatu au ya nne. Mbwa ameacha kujikwaruza, na chupa inawekwa kando. Vijidudu vilivyosalia huzaliana upya, na mara nyingine dawa ileile haiviwezi tena. Muda ulioandikwa, ambao mara nyingi ni kati ya siku 7 na 14, utimizwe wote, na kama chanzo ni utitiri, mbwa na paka wengine wa nyumba hiyo watibiwe pia.

Mbwa akianza kuyumba, kuinamisha kichwa upande mmoja au kutoitika anapoitwa baada ya kutiwa matone, dawa isimamishwe na arudishwe kwa daktari siku hiyohiyo.