Deni la Vita na Kuzaliwa kwa Vyama vya Siasa Marekani

Wengi wetu tulifundishwa kwamba vyama vya kwanza vya Marekani vilitokana na ugomvi wa Alexander Hamilton na Thomas Jefferson. Jibu hilo hupata alama, lakini naona linaanzia katikati.

Mwanzo ni deni. Wanajeshi wa vita vya uhuru walikuwa wamelipwa kwa hati za serikali badala ya fedha. Kwa shida, wengi waliziuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Januari 1790 Hamilton, Waziri wa Fedha, alipendekeza thamani yote ilipwe kwa yeyote aliyekuwa na hati mkononi. Sitaki kumdhulumu: serikali isiyoheshimu hati zake ingekopeshwa na nani? Lakini James Madison, aliyeandika naye makala za kuitetea Katiba, alitaka askari aliyeuza naye apate sehemu yake. Februari, Bunge lilimkataa kwa kura 36 dhidi ya 13. Jefferson, aliyekuwa ametoka Ufaransa, alikuwa bado hajaingia ofisini.

Mwaka 1791 ukazuka mjadala wa Benki ya Taifa. Jefferson, sasa Waziri wa Mambo ya Nje, alishikilia kuwa Katiba haikuipa serikali kuu mamlaka ya kuunda benki. Hamilton alijibu kwamba mamlaka ya kukusanya kodi na kukopa yanabeba pia njia za kuyatekeleza. Rais George Washington alitia sahihi. Nyuma ya hoja hizo zilikuwapo ndoto mbili: taifa la mikopo, biashara na viwanda, na taifa la wakulima huru wasioamriwa na matajiri wa mijini. (Mashamba ya Jefferson mwenyewe yalilimwa na watumwa, ndoto yake haikuwafikia hao.)

Wafuasi wa Hamilton wakaitwa Federalisti, wa Jefferson na Madison wakajiita Republikani, kila upande na gazeti lake. Katiba, hata hivyo, haikuvitambua vyama: mshindi wa pili wa urais ndiye aliyekuwa makamu. Hivyo mwaka 1796 John Adams, Mfederalisti, alipata kura 71 za wajumbe, Jefferson 68, na mahasimu hao wakalazimika kutawala pamoja. Utaratibu huo ulirekebishwa mwaka 1804.