Nyumba ya Pasha

Nje ya kuta za mji wa kale wa Yerusalemu, mji ambao watu wa pwani wameujua tangu utotoni kwa jina la Baitul-Mukaddas, kando ya barabara iendayo Nablus, ipo nyumba ya mawe iliyojengwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 na Rabbah al-Husseini, mmoja wa watu wa ukoo mkubwa wa mji huo. Mzaliwa wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa mpango wake: ukuta mnene unaoipa njia kisogo, ua ulio wazi katikati, na vyumba vinavyotazamana juu ya ua huo. Husimuliwa kwamba Rabbah alikuwa na wake wanne, kila mmoja na sehemu yake, na kwamba alifariki bila mtoto wa kiume wa kumrithi.

Waliokuja kuijaza nyumba hiyo walitoka mbali, na chanzo cha safari yao kilikuwa bahari.

Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulimtia hasara. La kuogofya zaidi lilikuwa bado njiani. Novemba 1873 mkewe Anna, mzaliwa wa Norway, aliabiri meli ya Ville du Havre kwenda Ulaya pamoja na mabinti zao wanne. Usiku wa kuamkia tarehe 22 meli hiyo iligongana na nyingine katika Atlantiki, ikazama kwa dakika chache. Watu 226 walikufa maji. Mabinti wote wanne walikuwa miongoni mwao. Telegramu ya Anna kwa mumewe ilianza kwa kumwarifu kwamba ameokoka peke yake. Kutokana na msiba huo Spafford alitunga shairi la utulivu wa roho, ambalo baadaye lilitiwa sauti likawa wimbo wa kanisani, nalo huimbwa hata kwa Kiswahili. Washairi wetu wameifanyia bahari kila namna ya mfano. Kwa mtungaji huyu mawimbi hayakuwa mfano hata kidogo.

Mwaka 1881 Spafford na Anna, pamoja na wafuasi wachache, walihamia Yerusalemu, wakaishi ndani ya kuta karibu na Mlango wa Damaski. Horatio alifariki mwaka 1888, na uongozi ukabaki kwa Anna. Mwaka 1896 waliwasili wakulima wa Kiswidi kutoka kijiji cha Nås, nafasi ikawa finyu, ndipo jumuiya ilipohamia katika nyumba ya Rabbah. Humo mali ilikuwa ya wote. Anna, aliyetii maono yake kuliko ushauri wa mtu, alikuwa amewakataza watu wake kuoana, na amri hiyo ilidumu miaka mingi. Ililegea mwaka 1904, binti yake Bertha alipoolewa na Frederick Vester. Amri kali mara nyingi hulegea ifikapo mlangoni mwa aliyeitoa.

Hoteli yenyewe ilizaliwa bila mpango. Mwaka 1902 Plato von Ustinov, mwenye hoteli mjini Jaffa na babu wa mwigizaji Peter Ustinov, alihitaji mahali pa kuwalaza wageni wake waliopanda kwenda Yerusalemu. Akaiomba jumuiya iwapokee. Vyumba vya wake wa Pasha vikawa vyumba vya wasafiri.

Katika Vita Kuu ya Kwanza wanajumuiya waliwauguza majeruhi na kuwapikia wenye njaa. Tarehe 9 Desemba 1917 meya wa mji, Hussein al-Husseini, wa ukoo uleule wa mjenzi, alitoka kuwasalimishia Waingereza mji akiwa na bendera nyeupe. Bertha alisimulia kwamba bendera hiyo ilikuwa shuka ya kitanda cha hospitali yao. Mpiga picha wa jumuiya, Lewis Larsson, aliinasa saa hiyo. Kipande cha shuka kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita mjini London.

Anna alifariki mwaka 1923. Jumuiya ilisambaratika baadaye kwa ugomvi wa mali, jambo lisiloshangaza mahali ambapo kila kitu ni cha wote na funguo ni za wachache. Wazao wa Spafford na Vester walibaki na hoteli. Mwaka 1948 mji ulipogawanyika, nyumba iliangukia upande wa Jordan. Vita vya 1967 vikaiweka chini ya Israeli. Mistari ya mipaka ilihama, na meza za uani zilibaki mahali ambapo Mpalestina na Mwisraeli waliweza kuketi pamoja. Bertha aliyaona yote hayo kabla ya kufariki mwaka 1968. Mwaka 1980 wazao waliikabidhi kampuni ya Uswisi kazi ya kuiendesha hoteli, wao wakabaki wenye nyumba.